Barua ya wazi: Tamasha la mavuno lisubiri mbalamwezi

Waheshimiwa mnaoshika mipango na fedha za mji wetu wa Mwanza, pamoja nanyi wafadhili na wenye kampuni za kuandaa matamasha,

Mwangaluka.

Mimi ni mama lishe. Jiko langu liko Kirumba, hatua chache kutoka soko la Mwaloni, na wateja wangu ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa, makuli, na madereva wa malori wanaosubiri mzigo wa kwenda Kongo. Nimezaliwa Kwimba, nimeolewa mjini, nimezeekea jikoni. Nawaandikia kwa sababu kila kiangazi kikifika maneno ni yale yale: Mwanza iwe na tamasha lake la mavuno, vyakula vya asili, sanaa, ngoma za jadi, wageni waje, watoto wajifunze. Naliunga mkono kwa mikono miwili. Nilitaka kusema lifanyike hata kesho, ila kesho ni giza, na hilo giza ndilo ninaloanza nalo.

Mkiwa Capri Point usiku na kutazama ziwa, mara nyingine mnaona taa zimetanda majini utadhani mtaa mpya umejengwa huko. Wale ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, mtu anapampu mpaka mkono unakufa ganzi, siku hizi ni taa za sola na betri. Taa hiyo ina nguvu gizani tu. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, na mitumbwi inavutwa nchi kavu. Siku hizo ndizo mvuvi anazolala kwake. Anashona nyavu, anapeleka mtoto hospitali, anaoa, anagombana na shemeji. Na mimi ndizo siku za kuandika madeni, maana mbalamwezi haina hela. "Mama, nikopeshe, nitakulipa gizani." Daftari langu linajua mwezi kuliko kalenda yoyote iliyobandikwa ofisini kwenu.

Basi mkipanga tamasha la mavuno usiku wa giza, mtakuwa mmewaacha wavunaji wa ziwa majini. Mtawaona kwa mbali kama mapambo, taa zinapendeza, wageni wanapiga picha, lakini wenyewe hawatakuwepo. Jambo hili hamtaliona kwenye andiko la mradi, kwa sababu wanaoandika maandiko ya mradi wanafikiri mavuno ni mahindi.

Msimu nao una yake. Mpunga wa kwetu Kwimba, Magu na Misungwi unavunwa Mei na Juni, pamba inachumwa na kupelekwa kupimwa, viazi vinachimbwa kabla ardhi haijakauka ikawa kama tofali. Ukifika Julai mikono imepumzika na kuna senti mfukoni. Ndiyo maana toka zamani ngoma za mashindano Usukumani ni za kiangazi. Agosti 8 tunayo Nane Nane yetu pale Nyamhongolo, na sina ugomvi nayo, nimejifunza mengi. Ila Nane Nane ni ya kuoneshwa trekta, mbegu na dume la ng'ombe aliyeogeshwa. Kule tunafundishwa kulima. Hatukai kula tulichokwisha kulima. Kwa hiyo naomba mbalamwezi ya Julai, siku mbili kabla ya mwezi kujaa na mbili baada yake. Najua mtakavyonijibu: Juni fedha za mwaka zimekwisha, na Julai 1 mwaka wa fedha umeanza lakini fedha zenyewe hazijafika. Hilo ni la kwenu, mimi mwezi sina namna ya kuusogeza.

Niwasimulie kilichonikuta. Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye tamasha moja la vyakula vya asili hapa hapa mjini. Walioliandaa siwataji, na hapa sitafuti kesi. Tuliambiwa tulipie meza, tukalipa. Tuliambiwa saa moja asubuhi tuwe tumepanga vyungu, tukapanga. Mgeni rasmi alifika saa tisa alasiri. Katikati hapo tulikatazwa kuuza, eti meza zikaguliwe kwanza zikiwa zimejaa. Fikiria sato wa kuchemsha anakaa saa nane anasubiri kukaguliwa! Mgeni alipofika alipita mezani kwangu, akanusa, akacheka vizuri tu, akasema "hongera mama," akaenda kwenye hema jeupe lenye viti vya kuvikwa vitambaa. Huko walikuwa wameletewa chakula kutoka hotelini. Chipsi, kuku wa kukaanga, na kachumbari. Nilimwona kwa macho yangu kijana wa usalama akija kuomba pilipili yangu awapelekee.

Hayo ya chakula niliyameza. Sikuweza kumeza ya mzee mmoja na ngoma yake.

Alikuwa ametoka Magu na kikundi chake, watu kumi na zaidi ndani ya gari moja dogo, ngoma juu ya keria. Mezani kwangu alikunywa uji tu, akasema hachezi akiwa ameshiba. Mchana ngozi ya ngoma ilikuwa imelegea, maana asubuhi kulinyunyiza manyunyu ya ziwa. Wanaojua ngoma wanajua dawa yake: unawasha moto wa nyasi, unaielekeza ngozi kwenye joto, unagonga kwa kidole huku umeinamisha sikio, unageuza, unagonga tena, mpaka sauti iitike. Mzee akakusanya nyasi kavu nyuma ya meza zetu, akaomba kiberiti. Kabla moto haujashika, kijana mwenye kitambulisho shingoni akafika mbio: moto hauruhusiwi, kuna mahema, kuna nyaya. Mzee hakubishana. Aliishika ile ngoma akaiweka juani, akaikalia karibu kama mtu anayeuguza.

Walipoitwa jukwaani ilikuwa karibu saa kumi na moja, na waliambiwa wana dakika tano. Mshereheshaji akawatambulisha kwa kuigiza lafudhi ya Kisukuma. Mnaijua ile, ya kuvuta maneno na kujifanya mtu aliyeshuka mjini leo kuja kuuza ng'ombe. Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo, kwa mazoea, halafu nikamwona mzee anavyomtazama yule kijana. Hakukasirika. Alimsubiri amalize, kama unavyomsubiri mtoto wa mwenzio aache kulia. Kisha akapiga, na ngoma ikatoa sauti ya debe la maharage. Walicheza wakiwa wameelekezewa hema jeupe, migongo yao ikiwa kwa wananchi. Dakika tano zikaisha, kipaza sauti kikazimwa wakiwa katikati ya wimbo. Malipo yalikuwa soda moja moja na fulana zenye nembo ya mfadhili. Nauli, waliambiwa, itashughulikiwa.

Ngoma ya dakika tano ni sawa na ugali uliotolewa maji yakiwa ndiyo kwanza yanachemka. Mnataka kujua ngoma inavyochezwa? Hamna haja ya kupanda ndege kwenda kujifunza. Pandeni daladala ya Kisesa mwezi Juni, shukeni, ulizeni Bujora. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimbandika jina la Fumbuka, alianzisha kazi yake pale miaka ya 1950. Wakati huo wengine waliona ngoma ni mambo ya shetani, yeye akazikaribisha hadi kanisani. Makumbusho ya Wasukuma yako pale mpaka leo, ngoma za watemi zimepangwa ndani. Na kila mwaka, sikukuu ya Ekaristi inapofika, kunakuwa na Bulabo, yaani maua.

Kwenye Bulabo hakuna hema jeupe linaloamua nani ni bora. Kuna Bagika na kuna Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa tangu karne ya 19, na kila kikundi Usukumani kina upande wake kama vile mjini watu walivyo Simba na Yanga. Vikundi viwili vinaingia uwanjani kwa pamoja, kila kimoja na upande wake, vinapiga kwa wakati mmoja. Jaji ni miguu ya watu. Huku manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, ametunga wimbo unaomchoma mwenzake, umati unakimbilia huku. Kule wametoa chatu kwenye sanduku, umati unageuka wote, vumbi, watoto wanakanyagwa vidole, unakimbilia kule. Aliyebaki na watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo mcheza ngoma hutumia akili yake yote kukuvuta wewe uliyesimama juani, wala hana habari na aliyekaa kivulini. Leteni mashindano hayo kwenye tamasha. Wapeni vikundi alasiri nzima na usiku mzima wa mwezi. Bugobogobo na majembe yao, Bayeye na nyoka wao, Banunguli wa nungunungu, na wazee wa wigashe ambayo huchezwa mmekaa chini, mabega na mikono tu vinaongea. (Hiyo wigashe wekeni karibu na chakula, tafadhali. Miguu yangu haiwezi tena kukimbia kutoka Bagika kwenda Bagalu.)

Na msiwaite Wasukuma peke yao. Mwanza ina Wakerewe, Wakara, Wajita, Wazinza, ina Wahindi wenye maduka yao toka enzi za babu zao, ina Wahaya waliokuja kwa meli wakabaki. Toka daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mtu wa Sengerema hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko.

Mahali pa kufanyia, mimi ningesema viwanja vya Furahisha. Ni karibu na Mwaloni, bodaboda inafika kwa hela ndogo, na mtu akichoka ngoma anateremka ziwani kupigwa upepo. Kuna aliyeniambia haiwezekani kwa sababu Furahisha iko Ilemela na halmashauri ya jiji ni ya Nyamagana. Ndugu zangu, hizo halmashauri mbili zinaweza kukaa kikao kimoja. Sangara ninayempika ameogelea kwenye wilaya zote na hajawahi kuombwa kibali.

Sasa chakula, na hapa mniachie nafasi.

Neno "vyakula vya asili" likitamkwa kwenye kipaza sauti hapa mjini, mara nyingi linakuja na kibuyu cha kukodi na dada aliyevalishwa kaniki asiyejua alichoshika. Vyakula vya asili havina haja ya kuvalishwa. Nianze na michembe, maana nimekulia juu yake kwa maana halisi, kwenye jiwe. Kwetu Kwimba nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa lililolala, pana kama ua wa shule. Kiangazi kikiingia mama alichimba viazi vitamu kwenye udongo wa luseni, ule wa kichanga. Alivimenya, akaviacha vinyauke kwanza. Hapo ndipo wengi mjini hukosea, wanakata kiazi kikiwa kibichi na maji yake, kinakuwa cheusi. Kikishanyauka unakikata vipande vyembamba, kisu unakivuta kuja kwako, kiazi kinazunguka mkononi, hutazami. Vipande vinatandazwa juu ya jiwe. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza mbuzi na kusikiliza. Ndiyo, kusikiliza: siku ya kwanza ukikanyaga michembe kimya, siku ya tatu au ya nne inalia kama majani makavu, mama anasikia akiwa jikoni, anaita "kusanyeni!" Inaingia kwenye kihenge na inakaa mpaka ile miezi ya njaa, mahindi yakiwa bado yako shambani. Unaichemsha, unaiponda na karanga, au unaila na maziwa ya mgando. Matobolwa ni ndugu yake: hayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, yanatafunika kama tende, na mtoto anaweza kwenda nayo shule mfukoni.

Mji huu unaitwa Jiji la Miamba, mawe yake yamechapishwa kwenye kila kadi ya posta, na sijaona tamasha lililomweka mwanamke mmoja juu ya jiwe akate michembe mbele ya watu. Lisingewagharimu chochote. Jiwe lipo, jua lipo.

Halafu samaki. Mgeni akija Mwanza anapelekewa sangara au sato, basi. Sangara mwenyewe ni mgeni, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na kuendelea, akala furu wetu mpaka wengine wakapotea kabisa. Amewalisha watu, simkatai, ni biashara yangu. Ila kwenye tamasha nataka meza ya samaki ambao wazee walikula kabla yake: furu waliobaki, ningu, gogogo, kambale, kamongo kwa anayeweza kumla. Muwekeni mzee wa Ukerewe aeleze kila mmoja alikuwa anavuliwa wapi na kwa mtego gani. Na msione haya na mapanki. Minofu inakwenda Ulaya, mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa sangara, yanakwenda Asia kwa bei ambayo nikiitaja mtasema naongopa, mifupa na vichwa vinabaki kwetu. Hiyo nayo ni sehemu ya mavuno ya Mwanza, na vichwa vya sangara nikivipika kwa limau na bilinganya hutaniuliza minofu imekwenda wapi.

Dagaa wa chanjani na dagaa wa mchangani wawekwe sahani mbili, watu watafune wenyewe. Mchanga ukilia kwenye meno hakuna haja ya semina ya ubora. Ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa, uwepo, na wa mtama, na mlenda, na nsansa za majani ya kunde. Choroko na dengu tunazouza kwa magunia kwenda nje na wengi wetu hatuzipiki, mtu atufundishe. Wahindi wa mjini wanajua dengu miaka yote, waombeni waje na masufuria yao, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi kwa sababu halina utata. Mama lishe asilipie meza kwenye sherehe ya chakula chake mwenyewe. Aruhusiwe kuuza toka saa anayofika, na mgeni rasmi ale pale pale, kwenye benchi, kwa zamu yake. Kikundi cha ngoma kilipwe kwa mkataba ulioandikwa, nusu kabla hakijapanda gari, nusu siku ile ile ngoma ikiisha, tena kwa simu ili fedha zisipite mikono mingi. Manju alipwe peke yake kama mtunzi. Nyimbo zake ziko kwenye kila kibanda cha kuingiza miziki kwenye memori kadi kutoka Igoma mpaka Buhongwa, watu wanalipia, yeye hapati hata ya chumvi. Tamasha likirekodiwa, na litarekodiwa, aulizwe kwanza na aandikishwe haki yake. Mshereheshaji awe mtu anayejua Kisukuma na Kikerewe cha kuzungumza. Cha kuigiza tunacho cha kutosha. Hotuba ziwe mbili, mchana, kabla ngoma hazijaanza.

Na moto uruhusiwe. Tengeni kona moja mbali na mahema, muweke pipa la maji na mtu wa zimamoto, nyasi kavu nitazileta mimi. Nimemtafuta yule mzee wa Magu kupitia mchuuzi mmoja wa mchele. Ananiambia bado anacheza, ila mjini hataki tena kuja mpaka aambiwe atapashia wapi ngoma yake. Nimemwambia nitawauliza. Nauli ya safari ile, kama kuna mtu kati yenu anayefahamu ilikoishia, bado anaidai.

Mkitaka kunijibu, niko jikoni kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Njooni kabla ya saa saba, baada ya hapo vichwa vinakuwa vimekwisha.

Wabeja,

Mama lishe wa Kirumba